Mstari wa Ishirini na Tano

Mheshimiwa Katibu wa Chama wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama jirani, ambaye nusu yetu humu ametufundisha kusoma na nusu nyingine ametuchapa kwa kutosoma, na ambaye kwa sababu hiyo nitaendelea kumwita Mwalimu Mkuu, viongozi wa dini mliokubali kuja mkijua kabisa watu watasema nini, mwenye nyumba wetu, wanachama wa tawi, mliokaa na mliosimama kwa kuwa viti vimeisha, mume wangu, na ninyi majirani mnaochungulia dirishani mkijifanya mnapita tu: karibuni nyote. Wa dirishani ingieni. Mlango uko wazi na hakuna anayeandika majina. Majina yatakuja baadaye, na hayo ndiyo yaliyonikosesha raha wiki nzima.

Nimepewa kazi mbili leo. Ya kwanza ni kufungua ofisi hii. Ya pili ni kumkabidhi uenyekiti mwenzetu mliyemchagua Jumapili iliyopita, fundi viatu wetu, ambaye hata mkewe anamwita Soli. Ufunguo ninao hapa mkononi. Lakini kabla sijampa, kuna jambo nataka kulisema mbele yake na mbele yenu, na nikilikwepa leo sitalisema tena maisha yangu yote.

Chumba hiki, kama mnavyojua, kilikuwa cha kinyozi. Kioo chake kimebaki ukutani kule nyuma yenu, maana mwenye nyumba ametuonya kwamba tukikibandua kitashuka na plasta. Kwa hiyo ninyi mnanitazama mimi, na mimi najitazama mwenyewe. Sikukipanga hivyo, ila nadhani ni haki yangu.

Miaka kumi na tatu tawi hili halikuwa na chumba. Lilikuwa na meza ya cherehani yangu. Mwanachama alikuja na suruali yenye zipu mbovu, tukazungumza siasa mpaka zipu ikapona, akaenda zake. Tulianza saba. Kwenye kata ambayo diwani wa chama jirani alipita bila kupingwa mara mbili mfululizo, saba ni umati. Mheshimiwa Katibu, wewe ulituonea huruma ukatuletea gari lenye spika na fulana mia mbili za rangi ya chama. Nakuheshimu sana, na moyo wako naujua, lakini baba, fulana zile zilitutesa! Waasisi wetu, sijui siku ile walikuwa wamekula nini, walichagua kahawia, rangi isiyojificha popote isipokuwa kwenye matope. Mama mmoja muuza maziwa aliivaa asubuhi moja tu. Mchana alirudi na ndoo zake zimejaa kama alivyotoka nazo. Alikaa kwenye benchi langu akalia, na mimi nikalia naye, kisha tukanywa maziwa mpaka tukachoka.

Ndipo nikaanza habari ya mifuko. Mwanachama akileta suruali au gauni, nilikuwa natoa mfuko wa ndani mweupe na kushona wa kahawia. Nje huoni kitu. Mkono ukiingia mfukoni, mwenyewe anajua yuko upande gani. Walioonana njiani walivuta kidogo pindo la mfuko kwa vidole viwili, wakaendelea na safari. Kutoka saba tulifika arobaini na watatu. Nilijivunia mifuko ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kushona, na sitaki leo kuikana. Iliwapa watu waoga mahali pa kuanzia. Lakini je, kuna aliyewahi kushinda au kushindwa uchaguzi mfukoni?

Tuliligundua hilo miaka mitano iliyopita. Tulikuwa na mgombea kwa mara ya kwanza. Mgombea udiwani anahitaji wadhamini ishirini na watano, wapiga kura wa kata hii hii, na majina yao hubandikwa siku saba kwenye ubao nje ya ofisi ya kata, kila mpita njia asome. Arobaini na watatu tulipolisikia neno ubao, wa kusaini wakabaki ishirini na wanne na Soli. Nasema "na Soli" kwa kuwa yeye alikuwa kwenye msiba wa mama mkwe wake, na alituma ujumbe kwamba atarudi siku ya mwisho kuja kusaini. Fomu ilitakiwa kufika kwa msimamizi saa nne asubuhi. Basi alilopanda Soli liliharibika njiani. Alifika saa sita, vumbi mpaka kwenye nyusi, kalamu ameishika mkononi tayari. Diwani akapita bila kupingwa mara ya tatu.

Mnakumbuka tulivyomfanyia. Tulisema aliogopa. Tulisema basi halikuharibika, aliliharibu yeye. Kuna waliopeleka viatu mtaa wa pili ili wasimpe kazi. Miaka yote hii, tawi likikwama kwa lolote, mtu anasema, "Haya, tumngoje Soli," na watu wanacheka. Naye anacheka nao. Mimi pia nilicheka.

Sasa nije kwenye suruali ya Mwalimu Mkuu, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa.

Mwaka jana Mwalimu alistaafu shule, wakampa uenyekiti wa chama chao, akaja kwangu kushonewa suruali ya mkutano wake wa kwanza wa hadhara. Alikuja kwa fundi anayemjua kuwa si wa chama chake, kwa sababu, alisema, "Pindo la suruali halina itikadi." Siku ya kuimalizia umeme ulikatika, duka likawa giza, mimi nikachukua kitambaa cha mfuko rafuni kwa kupapasa. Mnajua nilichopapasa. Jumamosi yake, jua kali, yuko jukwaani mbele ya watu wake wote, anatoa leso ajifute jasho, na mfuko unatoka na leso. Kahawia tupu! Na minong'ono ya mifuko ilikuwa imeshawafikia kitambo.

Jumanne wakamwekea kikao darasani kwake mwenyewe, kwenye chumba alichofundishia miaka ishirini, wakamwita mamluki. Nilikuwa dukani nikisikia kwa wateja. Nilijua kwamba neno langu moja lingemwokoa, na kwamba neno hilo lingenimaliza. Ndugu zangu, sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kumwacha mtu mmoja abebe mzigo wangu, na nilikuwa nimeona unavyomkaa mtu mgongoni. Nikabeba jora zima la kahawia begani, nikaingia, nikalibwaga kwenye dawati la mbele.

Nikasema, "Suruali nimeshona mimi, kitambaa ni changu, kosa ni langu. Mwalimu ni wenu. Mimi ndiye mwenyekiti wa tawi la kahawia mtaa huu."

Kijana wao mmoja akauliza, "Na wengine ni nani?"

"Nimekuja kujitaja mimi," nikamjibu. "Wengine wana midomo yao."

Walimwachia Mwalimu. Mimi wateja waliniacha. Wiki ile watu walikuja kuchukua vitambaa vyao hata vilivyokatwa nusu. Mama mmoja aliondoka na gauni lisilo na mikono, akaniambia atamalizia nyumbani, na mpaka leo sijaiona mikono yenyewe. Niliketi mbele ya cherehani iliyonyamaza siku tatu. Siku ya nne, saa moja asubuhi, Soli akaja na kisanduku chake cha viatu, gundi na nyundo, akaketi kwenye baraza yangu. Akavuta mfuko wake wa suruali ukaning'inia nje wote. Watu wakipita wakimwambia, "Soli, mfuko umetoka," yeye anajibu, "Joto." Siku nzima, joto. Kesho yake muuza maziwa naye akaona joto. Mwisho wa mwezi mtaa mzima una joto, mvua inanyesha.

Hivyo ndivyo tulivyopata chumba hiki. Kinyozi alipohama, mwenye nyumba alikuja mwenyewe kutuuliza kama tunakitaka, akisema amechoka kuona watu wazima wanafanya mikutano juu ya vipande vya kitambaa.

Na sasa nimefika pale.

Miaka mitano iliyopita, asubuhi ile tukimngoja Soli, fomu ilikuwa juu ya cherehani yangu. Kalamu ilikuwa juu ya fomu. Mstari wa ishirini na tano ulikuwa mtupu kuanzia saa moja hadi saa nne, na mimi, mpiga kura wa kata hii, nilikuwa nimekaa mbele yake. Muuza maziwa aliniuliza, "Mwenyekiti, kwani wewe huwezi kusaini?" Nikamjibu, pini zikiwa mdomoni, kwamba kanuni hairuhusu mwenyekiti wa tawi kumdhamini mgombea.

Mheshimiwa Katibu, nakuona unakunja uso. Usitafute kwenye kitabu. Kanuni hiyo haipo. Niliitunga mimi, hapo hapo.

Nilikuwa na oda ya sare za shule. Shule ilikuwa ya Mwalimu Mkuu, na niliogopa kwamba jina langu likionekana kwenye ubao, sare zitakwenda kwa fundi mwingine. Mume wangu hapigii kura hapa, anapigia kule anakoendesha gari la kampuni, na siku ile alikuwa huko. Aliporudi na kusikia, aliniuliza mara moja tu, tuko mezani, "Kanuni hiyo iko ukurasa wa ngapi?" Nikamwongezea mchuzi. Hakuuliza tena. Mwaka huu nilimuuliza Mwalimu kama kweli angeninyima zile sare. Akasema, "Sijui, Mama. Naomba usiniulize." Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kama angeniambia hapana.

Soli, mdogo wangu, simama tafadhali. Simama watu wakuone.

Fomu ile haikukosa jina lako. Ilikosa jina langu. Wewe ulikuwa kwenye basi bovu, mimi nilikuwa na kalamu. Nilikuacha ukatukanwa miaka mitano, nikacheka nao, na siku niliyobaki peke yangu ukaja wewe kuketi kwenye baraza yangu. Nakuomba radhi. Sikuombi unijibu leo, na ukiamua usinijibu kabisa nitakuelewa. Ila ninyi wengine, neno lile la "tumngoje Soli" lisisikike tena ndani ya chumba hiki wala nje yake. Mkitaka mtu wa kumcheka, niko hapa, na nyumbani kwangu mnakujua.

Keti, mdogo wangu. Asante.

Sasa tutazame mbele, maana sikuja kulia. Mgombea wetu mnamjua, yule pale mlangoni, mikono imejaa grisi kama kawaida yake: fundi bomba, binti yetu Spana. Hakuna nyumba katika kata hii ambayo hajaingia, ya kwetu au ya chama jirani. Bomba kuu la mtaa wa chini limepasuka mwaka wa nne huu. Spana amelifunga kwa mipira na waya mara ngapi, hata yeye amesahau. Diwani hajawahi kufika kulitazama. Kwa nini afike? Aliyepita bila kupingwa mara tatu anagonga mlango wa nani, akamwombe nini? Mwalimu Mkuu, najua huwezi kuitikia kwa kichwa mbele ya mwenyekiti wako wa wilaya atakayesikia habari hizi jioni, kwa hiyo nitajifanya sijakuona ukiitikia. Sisi hatuwatukani watu wenu. Tunataka wafanye kazi ya kutushinda.

Labda tutashindwa. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kututisha nalo. Tukipata kura mia, diwani atajua kuna watu mia wa kuwatafuta. Tukipata mia tano, bomba litatengenezwa kabla ya uchaguzi unaofuata, na sijali atalitengeneza nani. Lakini safari hii kwenye karatasi ya kura ya kata hii kutakuwa na majina mawili, na hilo halina mjadala.

Fomu iko hapa mezani. Ina mistari ishirini na mitano, yote mitupu. Inatakiwa kwa msimamizi Ijumaa saa nne asubuhi. Majina yatabandikwa kwenye ubao ule ule. Wateja mtawapoteza, sitawadanganya. Wengine watarudi na wengine hawatarudi. Shemeji zenu watanuna. Asiyeweza, mfuko wake bado nitamshonea, bila kinyongo.

Nipeni nafasi kidogo.

Haya. Tazameni: nimeanza na mstari wa mwisho, ule wa ishirini na tano. Nimeandika jina langu kamili, namba ya kadi yangu ya kupigia kura, nimesaini, na wino umekauka. Iliyobaki ni ishirini na minne, na wa kwanza nauacha kwa mwenyekiti mpya, kama atapenda.

Soli, ufunguo huu hapa. Na kalamu hii hapa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Sasa pangeni mstari.