Kapteni Torusawa Astaafu kwa Treni

Baada ya miaka tisa ya utumishi katika ukumbi wa video wa wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, Kapteni Torusawa, kamanda wa manowari ya angani, amestaafu Jumamosi, tarehe 27 Machi 1993. Amestaafu kwa treni. Kamati ya mtaa imetuomba tutumie neno hilo, kustaafu, na sisi ni watu wa adabu.

Kapteni alifika kwetu mwaka 1984 ndani ya kaseti kumi na nne za katuni za Kijapani, zawadi ya fundi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Wajapani ndio waliomchora. Kiswahili alikipata kwa Tata Muamba Henri, karani wa ghala, ambaye kila Jumapili baada ya misa alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi akawasemea watu wote wa manowari. Kijapani hakujua hata neno moja, na hilo halikumsumbua. Kule kwao Kapteni alikuwa mtu wa maneno matatu na kukunja uso. Kwa Muamba alikuwa na hotuba.

Kila mtoto wa mtaa anaijua ile ya kabla ya vita. Adui amekaribia, taa nyekundu zinawaka, naye Kapteni anageuka polepole na kuuliza, "Batu yangu, munapata bunga? Kama hapana, vita ingoye." Wafanyakazi, ambao unga wao wa mwezi ulitoka kwa kampuni, walipiga makofi mpaka adui mwenyewe akasahaulika.

Sifa zake ni nyingi. Alishinda vita ileile mara thelathini na mbili. Katika kaseti ya mwisho Wajapani walimuua, tena wazi kabisa, lakini Muamba alitutangazia kwamba Kapteni amechoka tu, amelala kidogo, na Jumapili iliyofuata akaamka kwenye kaseti ya kwanza. Mashine za mgodi zilipoanza kusimama moja baada ya nyingine na unga ukakoma, Kapteni naye alizima injini zake katikati ya nyota na kuwaeleza mabaharia kwamba kipuri kipo Lubumbashi, kinangoja sahihi. Wakubwa waliokaa mstari wa mbele hawakucheka.

Kasoro yake ilikuwa moja. Manowari ikipigwa kombora, Kapteni alitukana kwa Kiluba cha Kasai. Tulicheka miaka minane. Mwaka wa tisa, wale waliozaliwa hapahapa na wazazi waliotoka mkoa wa Kasai walipoanza kuitwa wageni, kuna watu waliacha kucheka.

Kamati ilikuja kudai orodha ya wageni wa ukumbi, wapakiwe treni warudishwe Kasai. Mgeni wao alikuwa mmoja tu, Muamba, mwana wa wazazi wa Kasai aliyezaliwa hapa Kolwezi. Katibu wa ukumbi, ndiye mimi ninayeandika haya, alijiona mjanja sana. Niliandika: Torusawa, Kapteni, kamanda wa manowari, asili yake nyotani. Nani atampakia treni mtu wa kuchorwa? Wakaipokea bila kutabasamu. Walifuta "nyotani", wakaandika "Kasai", wakapiga muhuri.

Kwa hiyo jina la Muamba halikuwa popote. Wakwe zake wa Lubudi, mkoani humuhumu, walikwisha kumwandalia chumba. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Jumamosi ile alikwenda gare, kwenye stesheni ya treni, kuwaaga majirani. Walikuwa wamelala pale sakafuni siku kumi na tisa wakingoja mabehewa, na watoto walikuwa wanaharisha. Treni ikaja, orodha ikasomwa. Amri ilikuwa kwamba treni haitaondoka mpaka kila jina liitikie. Watu mia nne waliitikia. Torusawa aliitwa mara tatu, kimya. Mwenye orodha akakunja karatasi yake, akasema watu warudi sakafuni, watangoja treni nyingine.

Muamba akavua kofia. Kwa ile sauti ya Jumapili, akasema, "Mi niko hapa. Tupande, batu yangu."

Akapanda. Mkewe Simone, mwana wa Lubudi ambaye hakuna orodha iliyomtaja, akapanda nyuma yake na furushi moja. Treni ikaondoka.

Mimi nilikuwa pale, hatua kumi kutoka kwa mwenye orodha. Ningeweza kusema kwamba jina lile nililitunga mwenyewe, kwamba ni katuni. Sikusema. Niliogopa, na bado naona haya.

Asante, Kapteni, kwa miaka tisa ya kutuuliza kama tumekula. Huko uliko, wewe na Mama Simone, tunawaombea nyumba, kazi na watoto wa kucheka Jumapili. Kamati imemteua kamanda mpya wa kushika kipaza sauti, mzalendo halisi, naye ataanza Jumapili. Tayari ameniuliza Kapteni husema nini kabla ya vita. Nimemjibu kwamba hasemi kitu.