Miguu Aliyoichonga Mdogo Wangu

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni dada wa marehemu, nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, na familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, ingawa baadhi yao wameniomba nisome kwa upole.

Mdogo wangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mguu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya baba yetu nyuma ya soko, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza useremala chuo cha ufundi, ambako alitolewa darasani mara kwa mara kwa kubishana na walimu, maana ubishi kwetu ni urithi.

Juni 1981 aliajiriwa karakana ya miguu ya bandia hapo hospitali, chumba cha dirisha moja kinachonuka gundi, na huko ndiko alikopata sababu ya kuamka asubuhi, alikuwa hamkabidhi mtu mguu mpaka watembee wote wawili hadi sokoni na kurudi, akimuuliza njiani ni wapi panabana, na jioni alitusimulia kwamba leo mama fulani amebeba ndoo yake mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo yeye.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na mke wake huyu, aliyefagia vumbi la mbao miaka yote bila kulalamika sana, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Februari 2009 mkuu wa karakana alimwachisha kazi, akimtangaza mwizi wa ngozi za kufungia miguu, ngozi ambazo baadaye zilikutwa stoo nyuma ya kabati, na hakuna aliyetangaza kwamba zimekutwa. Mdogo wangu akahamishia kazi uani kwake, wagonjwa wakamfuata.

Mwaka 2016 mkuu huyo alikatwa mguu wa kushoto kwa kisukari, akanunua mguu wa ng'ambo ukamchubua, akaja kwetu kwa mlango wa uani, nami nikamnong'oneza mdogo wangu aufupishe kidogo tu ule atakaomchongea, mtu achechemee mpaka kaburini.

Akanijibu, "Dada, mguu una kosa gani?"

Akauchonga vizuri, akamtembeza mle mle uani, kwa kuwa mheshimiwa hakutaka kuonekana, na mheshimiwa akaahidi kulisafisha jina lake mbele ya wafanyakazi, ahadi ambayo mpaka leo hajaitimiza. Shukrani ya punda ni mateke.

Agosti mwaka jana alianza kukohoa, mapafu yamechoshwa na vumbi, akalazwa, na tarehe 19 mwezi huu alfajiri akafariki, akiwa bado anaitwa mwizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wote, isipokuwa mmoja.

Ratiba inasema anayefuata kuzungumza ni mkuu wa karakana, juu ya uaminifu kazini. Kabla hajaja, nawaomba wote mnaotembea kwa miguu aliyoichonga marehemu msimame, tuwaone.

Ahsanteni. Mkuu, nawe pia. Hatuna haraka.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Mimi sitapumzika mpaka huyu asimame.