Mama Verdiane Aliyeshuka Goma Mikono Mitupu

Sogeza sufuria pembeni kidogo, Mama, moshi usikuzuie kusikia. Wewe wa Kashebere unayengoja gari, wewe wa Kalembe uliyekimbizwa na mvua shambani, karibu na redio. Hii ni saa ya kuwataja waliotutoka, na leo kuna jina moja tu.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Mama Verdiane Byukusenge wa Kibabi. Amekufa juzi, nyumbani kwake. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: ni Mama Verdiane, yule mama wa maziwa, aliyekuwa akiwapeleka wajane kutembea Goma wakati wa baridi. Atazikwa kesho.

Wanasema ni kifua. Sawa. Kifua kimepata kazi nyingi hapa kwetu. Kila anayeonewa, mwishowe anakufa kifua.

Mama Verdiane alizaliwa kwa wakulima, akaolewa kwa wafugaji. Shemeji zake walimcheka, eti anamkamua ng'ombe kama mtu anayeng'oa maharagwe. Bwana yake alipofariki, akabaki na ng'ombe wachache na binti mmoja, Umwali. Miaka yote hiyo alishuka Goma na bidoni ya maziwa, akapanda na chumvi na sabuni. Hakuujua muji. Alijua mlango wa mnunuzi wake na mahali pa kungojea lori, basi.

Siku moja ya mvua alikuta mnunuzi amefunga. Maziwa akawapa watoto wa pale uwani, maana yangeharibika tu. Lori la kurudi lilikuwa la jioni. Mvua ikamfukuza barabarani, akaingia katika teksi-bisi bila kuuliza inaenda wapi. Ikamfikisha mwisho wa muji. Konvoyeri, yule wa kukusanya nauli, akamwambia:

"Mama, tumefika. Shuka."

"Nishuke niende wapi? Inanyesha. Munirudishe kwenye munatoka."

Akarudishwa. Akakaa dirishani, kwenye joto, akiwaangalia watu wa Goma wakikimbia na viatu mikononi. Umwali anakumbuka jioni hiyo. "Mama alirudi hana chumvi," ameniambia. "Nikafikiri wamemuibia. Kumbe anacheka. Anasema, Umwali, nimeona muji nikiwa nimekaa, kama bibi ya gavana."

Hivyo njo ilivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Ilianza na mvua na mlango uliofungwa.

Mnajua baridi ya Kibabi. Ukungu unashuka, ng'ombe wanasimama bila kutaka kula, na mama mzee anakaa jikoni akimeza moshi mpaka jua likumbuke kutoka. Mama Verdiane aliwaambia wajane wenzake: badala ya kukohoa hapa, tushuke. Sebahire, dereva wa lori la maziwa, aliwabeba kwa bei ya urafiki mpaka Sake. Kutoka Sake wakapanda bisi kama watu wote.

Alikuwa na sheria zake. Unakula viazi nyumbani kabla ya kutoka. Unafunga mahindi ya kuchemsha. Unavaa vikwembe viwili, cha juu kinalowa, cha ndani kinabaki. Ukiingia sokoni, kugusa ni bure, kutaka njo kunakula pesa.

Waliingia kanisani saa za mazoezi ya kwaya, wakakaa nyuma, wakasikia nyimbo bure na miguu ikapata joto. Walisimama bandarini kuangalia abiria wa Bukavu wakishuka. Mama Uwamwezi, rafiki yake mkubwa, alikuwa akiwachagulia wale abiria kazi na tabia: "Ule iko na deni. Ule anamudanganya bibi yake. Ule wa koti, hapana, ule ni mutu wa Mungu, tazama vile anabebea mama mwingine muzigo." Na mvua ikizidi, waliingia teksi-bisi moja, wakaenda nayo mpaka mwisho, wakarudi nayo. Mahindi wakagawana na konvoyeri.

Mtu atauliza, ubaya uko wapi. Nami nauliza hivyo hivyo.

Kwetu mtu anashuka na kitu, anapanda na kitu. Anashuka na maziwa, viazi, makala ya kupikia. Anapanda na chumvi, mafuta, misumari. Mtu anayeshuka mikono mitupu ameitwa na mgonjwa ao na polisi. Sasa tazama wajane wanashuka na mahindi ya kula tu, wanapanda hawana hata kiberiti, na wanacheka. Watu wakaanza kuhesabu kicheko chao. Nani anawalipia? Wanampelekea nani habari? Mbona wanakwenda siku za ukungu, wakati mtu haonekani vizuri?

Maneno hayo hayana baba. Nimeyatafuta. Kila mtu ameyasikia kwa mwingine.

Kwenye bariyeri, pale watu wa bunduki wanapofunga barabara, nako waliulizwa. Sitasema bariyeri ya nani. Mnaopita mnajua, na wao wanajua kwamba mnajua.

"Munaenda kufanya nini?"

"Kutembea," Mama Verdiane akajibu.

"Kutembea ni kazi gani?"

"Papa, na weye unasimama hapa kutwa muzima. Kusimama ni kazi gani?"

Siku hiyo walicheka, wakawafungulia. Walifunguliwa mara nyingi. Ukweli uliwapitisha, nataka mlishike hilo. Jibu lao la kweli, hata kama lilionekana la kijinga, liliwapitisha.

Halafu maneno yakazidi, na wale akina mama wakaogopa. Hapo njo wakafanya kosa lao, kosa la watu wa kwetu kabisa. Mama Uwamwezi akasema: "Kama wanataka tushuke na kitu, tushuke na kitu." Wakachukua mifuko, wakaijaza majani makavu ya ndizi, juu wakapanga viazi vichache. Mfuko mkubwa, mwepesi kama mtoto. Mama Verdiane hakupenda. Alisema, "Nilikuwa napita na kinywa yangu, sasa munanipa mfuko?" Lakini alikuwa mmoja, wao wengi, akabeba.

Lori la Sebahire lilipofika bariyeri siku hiyo lilikuwa limejaa. Mifuko ya watu wengine ilikuwa mingi. Sebahire mwenyewe ananiambia: "Hawakugusa mfuko ya mutu mwingine. Walipanda, wakaenda sawasawa kwa hawa wamama, wakaingiza mukono mpaka chini."

Wakatoa majani.

"Mama, Goma wanakula majani kavu siku hizi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Jibu la kutembea, ambalo jana lilikuwa la kweli, leo halikuwa na mtu wa kuliamini. Mama Verdiane akasema mfuko ni wake, wengine waachwe. Wakaachwa. Yeye akakalishwa juu ya jiwe, mvua ikimpiga, kikwembe cha juu kikalowa na cha ndani kikalowa. Walimwachilia kesho yake bila kumwambia kosa. Alipanda mlima kwa miguu. Tangu siku hiyo hakukohoa tena kama watu wanavyokohoa. Alikohoa kama mtu anayeita.

Na tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, hata maziwa aliyokuwa akiwauzia majirani hayakupata mnunuzi pale Kibabi.

Nimetoka huko asubuhi hii. Mnajua desturi yetu. Mtu akifa, wanaume wa jirani hawaitwi, wanakuja wenyewe na majembe. Wanawake wanaleta kuni na maharagwe. Nimekuta Mama Verdiane amelala nyumbani, moto hauna kuni, na kaburi halijachimbwa. Wanaume wa Kibabi wana mafua. Wote. Ugonjwa wa ajabu, unashika majirani wa nyumba moja tu.

Mimi sisahau. Nakumbuka wengine waliozikwa hivi, mbio mbio, bila majirani, kwa sababu ya neno lisilo na baba. Miaka ikapita, tukasikia walikuwa wasafi, na waliokataa kushika jembe wakawa wa kwanza kusema, sisi tulijua tu.

Leo Mama Uwamwezi alishika jembe yeye mwenyewe. Mnajua kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Alichimba. Wajane wale wa teksi-bisi wakapokezana, udongo ukiwa mzito kwa mvua. Walipofika magotini, akatokea Papa Nzabandora, mkubwa wa nyumba kumi, jembe begani. Akaingia shimoni bila salamu, akaanza kuchimba. Mimi nilimtazama vibaya, nasema kweli. Nilijiuliza amekuja kuzika ao kujificha.

Umwali alitoka nyumbani, akasimama juu ya shimo.

"Papa, nani aliongea na watu wa bariyeri?"

Nzabandora akachimba.

"Papa, nakuuliza na heshima. Jibu, ao uweke jembe chini."

Akasimama. Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. Akasema hivi, nami nilikuwepo: "Waliniita kabla ya ile siku ya mifuko. Waliniuliza kama hawa wamama ni watu ninajua. Nikaogopa. Nikasema siwajui."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sikusema ni wabaya. Nilisema siwajui."

Mama Uwamwezi akakaa kwenye udongo. "Nzabandora weye. Watoto yako wote wamekomaa kwa maziwa ya huyu mama. Bibi yako alizalia mikononi mwake. Na haumujui?"

Nikafikiri Umwali atamfukuza. Kisha akasema: "Chimba, Papa. Lakini kesho, mbele ya watu, mbele ya padri, utasema unamujua mama yangu. Utasema jina yake na kazi yake. Kama hautasema, hatutashusha sanduku."

Akakubali kwa kichwa. Mimi kichwa sikiamini. Kichwa hakina sauti.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Umwali, kwa Mama Uwamwezi, kwa wajane wote wa Kibabi, na kwa Sebahire aliyewabeba bila kuona haya. Mungu ampokee Mama Verdiane, ampe kiti cha dirishani.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Kuna siku wataulizia jirani yako. Hawatakuomba umtukane. Watakuomba useme humjui tu, neno dogo, uende nyumbani kwako. Tayarisha jibu lako leo, wakati hakuna bunduki mbele yako.

Mazishi ni kesho, Kibabi, baada ya misa ya asubuhi. Njoo hata kama una mafua. Njoo mikono mitupu. Papa Nzabandora ana neno moja la kusema mbele yetu, na tutasimama kwenye ule udongo, mvua inyeshe ao isinyeshe, mpaka tulisikie.