Madoa Juu ya Sabuni ya Nyuma ya Cherehani

Mgeni rasmi, Mkuu wa Soko. Jirani yetu muuza mafuta, uliyeketi naye meza kuu. Wachuuzi wenzetu na wateja wetu mliojibana kwenye viti vya kuazima:

KARIBU KWETU

Utuwie radhi ukituona hatutulii. Tangu asubuhi huyu anafagia palipokwisha fagiwa, yule anapanga viti vilivyokwisha pangwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi, mgeni rasmi, tumeugua vya kutosha.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama tunaotengeneza sabuni katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani. Chumba kina dirisha moja na mlango usiokubali kufungika sawasawa. Tulianza na sufuria la mkwe wa mwenyekiti, ambalo hadi leo hatujamrudishia, naye kwa adabu zake hajauliza.

Mwenzetu mmoja tunamwita Mama Chungulia. Jina hilo hakulipata bure. Uji wa sabuni ukishamiminwa kwenye kasha la mbao, huachwa umefunikwa mpaka ugande. Yeye hawezi kungoja. Atakunywa chai, atafunua. Atajibu salamu mlangoni, atarudi kufunua.

"Wewe mwanamke," mwenyekiti alimwambia siku moja, "sabuni si mtoto mchanga, kila mara unamfunua!"

"Mtoto mchanga angelia," akajibu. "Hii imenyamaza, ndiyo maana nina wasiwasi."

MAFANIKIO, NA JINSI YALIVYOTUTOA JASHO

Ukungu mweupe ndio uliotangulia. Kila mche ulitoka na vumbi kama uso wa mtu aliyepakwa unga. Wateja wakasema ni sumu, wakanunua kwingine. Lawama zote zikamwangukia Mama Chungulia, na safari hiyo hazikukosea sana: uji ambao haujaganda ukipigwa na hewa baridi, juu huota vumbi. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaja na blanketi la kitandani kwake. Sisi wengine nasi tukaleta yetu, tukaifunika sabuni kama mgonjwa wa homa.

Tulikimbia mvua, tukaingia mtoni. Sabuni ilipata joto kupita kiasi, ikaumuka katikati na kupasuka kama mkate. Mume wa Mama Chungulia akauliza blanketi liko wapi. Aliposikia liko kwa sabuni, akasema, "Mke wangu, mezani unazungumza sabuni, kitandani unanuka sabuni, sasa sabuni inalala na blanketi langu mimi nikitetemeka?"

Ilibidi tutafute kadiri yake: kitambaa kimoja kizito, dirisha limefungwa, na Mama Chungulia kakalia mikono yake. Vumbi likakoma. Mche uliokuwa na vumbi dogo tuliupitisha juu ya mvuke wa birika, ukang'aa. Msimu wa mvua miche ikatoa jasho, matone juu yake kama paji la uso la mpagazi. Tukaacha kuibananisha rafuni, tukaipa nafasi ya kupumua. Tukaanza kuuza hadi kwa dobi wa mtaa wa pili, mtu ambaye hasifu kitu.

CHANGAMOTO

Halafu, mgeni rasmi, yakaja madoa.

Haya hayakuonekana kashani. Mche ulitoka msafi, ukauzwa, ukakaa kwa mteja, kisha ukatokwa na madoa ya rangi ya chungwa, moja hapa, jingine pale, kama ndui. Na harufu. Dobi alirudi na furushi begani, akalitua mlangoni petu.

"Nuseni," alisema. "Haya ni mashuka ya watu. Nimeyafua tena na tena. Mwenye nyumba ya wageni ameniambia nisirudi kwake."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotuumiza. Mama Chungulia ndiye aliyeikata sabuni ile na kuifunga kwa mikono yake. Tangu hapo alikosa raha. Alibadilisha maji, madoa yakajitokeza. Akasugua sufuria kwa mchanga, akatupa mwiko wa zamani, akahamisha rafu, madoa yakajitokeza. Alituambia kwamba akifumba macho anaiona miche, na akiyafumbua anaiona pia.

Mwisho akabaki na kitu kimoja ambacho hakuwa amekigusa: mafuta. Alikwenda kwa dada yake ng'ambo ya mji, wanakokamua mafuta, akarudi na dumu. Tukatengeneza makasha mawili kwa sufuria lile lile na mikono ile ile. Moja kwa mafuta ya dada, jingine kwa mafuta ya soko. Tukangoja. Mgeni rasmi, hujui kungoja ni nini mpaka umengoja na Mama Chungulia.

Kasha la dada lilibaki jeupe kama yai. La soko likatokwa na madoa.

Alichukua mche wenye madoa, akaenda nao sokoni kwa muuza mafuta. Alianza kwa heshima. "Baba, shikamoo. Hebu nusa."

"Pua yako ndiyo iliyochacha," akajibiwa, na watu wakacheka.

 Hapo, anasema, alimfikiria dobi na furushi lake. Mkono ukaenda wenyewe, ukafunua pipa. Ndani, chini ya mafuta mapya, kulikuwa na mashapo ya mafuta ya zamani, meusi, mazito, yasiyooshwa tangu pipa liwe pipa. Walioona wakaacha kucheka.

Sisi si wa kumnyooshea mtu kidole. Jirani yetu yuko hapa, ni mtu wa watu, na huenda tangu siku ile pipa limeoshwa. Tunachojua ni kwamba ofisi yako ilitoa amri mbili. Ya kwanza, wenye vibanda sokoni, nasi tukiwamo, wanunue mafuta kwake tu. Ya pili, Mama Chungulia asivuke lango la soko mpaka aombe radhi kwa kufunua pipa la mtu.

Na tuliagizwa risala hii iwe na aya ya kuomba radhi kwa niaba yake. Tulikaa kuiandika. Tulipofika kwenye neno "kosa" tulimwuliza mwenyewe tuliandike vipi. Akasema, "Andikeni nilikosa kubisha hodi. Hilo kweli nilikosa. Mengine nitakuwa namdanganya dobi."

Basi aya yenyewe ndiyo hiyo. Hatuna nyingine.

MAOMBI

Tunaomba ruhusa ya kununua mafuta popote yalipo mazuri, hata kama ni kwa jirani yetu huyu huyu, pipa likiwa safi. Tunaomba neno lako kwa mwenye nyumba ya wageni, ili dobi arudishiwe kazi. Mashuka hakuyaharibu yeye. Fundi wa mlango tutamtafuta wenyewe.

Ombi la mwisho halihitaji kikao. Mama Chungulia yuko nje ya lango. Ametoka nyumbani mapema, kavaa vizuri, na mlinzi anasema anatembea huku na huko kiasi cha kumtia kizunguzungu. Mlinzi anangoja neno lako tu. Tunakuomba ulitoe sasa, kabla ya hotuba yako. Umeona kwamba tangu tuanze kusoma hakuna hata mmoja wetu aliyeketi. Si kwa kukosa adabu, wala viti havijapungua.

Mola akupe afya, akupe masikio ya kusikia na moyo wa kupima. Aibariki nyumba yako, na hii yetu, na ya jirani yetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Watengeneza Sabuni wa Nyuma ya Cherehani,
tukiwa tumesimama.