Bartolomayo Ndahani, Ofisa Usalama wa Mji Uliohamwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, Mzee Bartolomayo Ndahani anavua helmeti. Wengi wetu hatujawahi kukiona kichwa chake, kwa hiyo tumejiandaa kisaikolojia.

Alianza kazi katika mgodi wa dhahabu wa Ilolomi mwaka 1990, kijana wa Zuzu mwenye nywele nyingi (hayo ni maelezo yake mwenyewe). Enzi hizo Ilolomi ulikuwa mji hasa. Ulikuwa na sinema, bwawa la kuogelea na tanuri la mikate, na watu walitoka hadi Kibaigwa kuja kunywa soda baridi. Mwaka 1999 dhahabu ikaisha. Watu wakaondoka, milango ikawafuata, kisha mabati. Kampuni ikabakiza mlinzi, karani ambaye ndiye anayeandika haya, na Ofisa Usalama, kwa sababu mashimo hayastaafu.

Wafugaji walipohamishia mbuzi wao kwenye bwawa lililokauka, Mzee hakuwafukuza. Aliwagawia helmeti. Hakuna aliyepita geti la Ilolomi kichwa wazi, awe mchungaji wa mbuzi au wa kanisa. Anitha na Matonya, wafugaji wa pale bwawani, walifungia ndoa yao kwenye jengo la sinema, bibi harusi kavaa shela juu ya helmeti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Katikati ya kiapo, kipande cha dari kikamwangukia Matonya utosini, kikadunda kwenye helmeti. Akapepesa macho, akamalizia kiapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena.

Fahari yake kubwa ilikuwa ubao wa getini ulioandikwa SIKU BILA AJALI. Kila asubuhi aliongeza siku moja kwa chaki, na tangu mgodi ufungwe hesabu haikuwahi kurudi sifuri. Alitamani jambo moja tu: kustaafu na hesabu hiyo ikiwa safi.

Wiki mbili zilizopita tuliamua kuupaka ubao rangi kwa ajili ya sherehe. Mzee hakutuamini, akaushusha mwenyewe. Ukamponyoka, ukatua kwenye kidole gumba cha mguu. Siku hiyo alikuwa na kandambili, maana buti zake zilikuwa zinang'arishwa kwa ajili ya sherehe hiyo hiyo.

Tulimsihi sana. "Mzee, hiyo siyo ajali, ni kidole tu," Matonya alimwambia. "Kwani nani kaona?" Iddy, mlinzi wetu, akageukia ukuta ili asiwe shahidi.

Machozi yalimlengalenga Mzee, na hayakuwa ya kidole. Akachechemea hadi kwenye ubao, akafuta tarakimu zote nne, akaandika sifuri. "Ninyi nimewabana miaka yote," alisema. "Leo nijipendelee?"

Makao makuu, waliokwisha kuchonga jina lake kwenye tuzo ya usalama, walipiga simu kuuliza kama sasa ifutwe. Ilolomi tulikataa kwa kauli moja, ingawa mbuzi hawakuulizwa. Tuzo anapewa, tena kwa ajili ya sifuri ile.

Mzee wetu, nenda salama Zuzu kwa mkeo, mama Ruthu, ukale mlenda kwa raha, na maisha yako yawe mema na marefu. Ahsante sana. Vichwa vyetu vyote ni vizima.