Historia ya Marehemu Tanyo Stamov, Mshindilia Barabara

Baba padri, mama mfiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa barabara, na ninyi madereva mliofika kutoka ng'ambo ya mpaka, familia imeniomba mimi, Zheko, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha yake kwa ufupi, ingawa mnaomfahamu mnajua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kusema jambo lolote kwa ufupi.

Marehemu Tanyo Minchev Stamov alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 hapa hapa kijijini Gorni Bryast, siku ya kupogoa mizabibu, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, na baba yake aliletewa habari akiwa shambani, kikombe cha divai mkononi, akafika nyumbani kesho yake. Alisoma shule ya msingi ya kijiji hadi mwaka 1960, kisha akajiunga na shule ya ufundi wa mitambo mjini Haskovo, akahitimu mwaka 1963, na baada ya kulitumikia jeshi aliajiriwa, mwezi Aprili 1966, na idara ya barabara kuwa dereva wa rola ya kushindilia lami, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Barabara aliyoishindilia mnaijua, ni ile ya taifa itokayo Sofia, ikapita Plovdiv, ikateremka Haskovo na Harmanli, ikapita chini ya kilima chetu na kuishia mpakani Kapitan Andreevo, na kwa kuwa lami haidumu milele, kila ilipochoka aliitwa kuishindilia upya, kwa hiyo kuna vipande alivyovipitia mara nyingi kuliko alivyopita mlangoni mwa kanisa, baba padri utatusamehe.

Ni barabara hiyo iliyompa mke. Kiangazi cha mwaka 1969, karibu na Lyubimets, alimkuta binti aitwaye Yanka akiuza matikiti ya baba yake kando ya njia, naye akaanza kupatwa na kiu isiyoelezeka, akisimamisha rola asubuhi, mchana na alasiri, mpaka msimamizi wake akapiga kelele mbele ya kikosi kizima, "Tanyo, unashindilia lami au unashindilia matikiti?" Walifunga ndoa tarehe 25 Oktoba 1970, mchana mbele ya ofisa wa serikali, na jioni, kimyakimya, mbele ya padri jikoni kwa bibi, kama ilivyokuwa enzi zile za ukomunisti, serikali ilipokuwa haipendi kanisa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Radina, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1972, na Milko, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1976, ambaye yuko nasi hapa.

Radina alikuwa Plovdiv akisomea ualimu alipougua saratani ya damu, na tarehe 18 Juni 1993 alifariki huko huko hospitalini, akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Marehemu alimleta nyumbani kwa barabara yake mwenyewe, akiwa amekaa nyuma ya gari na mkono juu ya jeneza, na baadaye aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akiisikiliza lami, akiomba isimtikise mtoto. Kwa maisha yake yote yaliyobaki alimwita mkewe mama Radina, hakumwita mama Milko, na Milko hakuwahi kulalamika.

Mwaka 1996 aliamua kumjengea binti yake bomba la maji, la mawe, la wapita njia kunywea, kama tunavyowafanyia wapendwa wetu, kila anywaye aseme, "Mungu amsamehe," na kulitaja jina lililochongwa pale. Mama Radina alitaka lijengwe karibu na kanisa, yeye akataka chini ya kilima, kando ya barabara kuu, penye chemchemi, kwa sababu wapimaji walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi kuonyesha kwamba barabara kubwa mpya ingepanuliwa papo hapo, na mtu wa rola haamini kitu kama anavyoamini kigingi.

"Kijijini wanapita watu hamsini, wote ndugu zetu," alisema. "Pale chini yanapita mataifa."

"Mataifa hayo yalimlea?" mkewe akamjibu. "Yanamjua mwanangu?"

"Ndiyo maana wamtaje, mama Radina. Wamjue."

Alijenga alipotaka, na kwa miaka kumi na saba bomba lile lilikuwa na watu, madereva wa malori, familia zinazorudi Uturuki likizo na masanduku juu ya gari, wote wakinywa na kumtaja Radina, kila mmoja kwa matamshi yake. Aliyekuwa hanywi ni mmoja tu. Mama Radina alilifagia, akayasugua mawe ukoga usiote, lakini hakuinamisha kichwa kunywa, na watu wakasema amenuna kwa sababu ya mahali, jambo ambalo halikuwa kweli, marehemu aliniambia, na leo mama Radina mwenyewe ameniruhusu niliseme. Maneno yale, "Mungu amsamehe," husemwa kwa aliyekufa, naye hakuwa tayari kuyasema juu ya Radina. Mumewe alimwomba mara moja tu, mwaka ule wa kwanza, akaona uso wake, hakurudia tena.

Kisha vigingi vikahama. Wakubwa walibadili njia, barabara kubwa ikachorwa ng'ambo ya pili ya kilima, na vuli ya mwaka 2013 sehemu yetu ilipofunguliwa, magari yote yalihamia huko kwa siku moja, wala pale bombani hapakubaki mtu ila matrekta na mbuzi. Mjomba alikuwa akipanda kilimani, anasimama katikati, bomba upande huu na ngurumo za malori upande ule. Kwenye kilabu wakamtania, "Tanyo, mbuzi nao wanamtaja?" naye akacheka nao, kwa sababu alikuwa mtu wa utani, kisha akaja kwangu akalia kama mtoto.

Hakukaa na kulia muda mrefu. Barabara kubwa hairuhusu kusimama, lakini mpakani kila lori lazima lisimame, na foleni ya pale mnaijua. Alijaza madumu bombani, akayapakia kwenye gari lake kuukuu la Moskvich, akaenda kuigawia ile foleni maji, lori baada ya lori. Dereva wa kwanza, Nurettin wa Edirne, yuko hapa leo, alidhani ni mchuuzi.

"Bei gani, mzee?"

"Bure. Ila useme, Mungu amsamehe Radina."

"Radina ni nani?"

"Binti yangu."

Nurettin alizima injini, akavua kofia, akamwombea rehema kwa lugha yake, ndipo akanywa, na mjomba alirudi nyumbani siku ile akiimba. Alifanya hivyo kwa miaka minane, jua na theluji, na aliyekuwa akiosha madumu kila jioni, akiyanusa moja moja na kumgombeza kwamba hili linanuka petroli, ni mama Radina.

Mwezi Februari 2022 moyo wake ulianza kumsumbua, akakatazwa kuendesha gari, na katika kitanda cha hospitali ya Haskovo, ambako alilazwa mara tatu, hakuulizia dawa, aliulizia nani yuko kwenye foleni. Tarehe 9 Novemba 2023, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia huko huko hospitalini, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia wakimvumilia na hadithi zake, majirani waliochimba kaburi katika udongo huu mgumu na kina mama waliochemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, wenzake wa idara ya barabara waliombeba begani, na madereva mliouacha mpango wa safari zenu mkapita barabara ya zamani, ambayo ilikuwa imesahau uzito wa lori.

Linalobaki nitamwambia yeye. Mjomba, leo asubuhi tulipokuleta kutoka Haskovo, mama Radina aliomba gari lisimame chini ya kilima, penye bomba. Alishuka peke yake, akatukataza tusimshike, akainama, akakinga maji kwa viganja. Aliyasema maneno yale, jina la mtoto kwanza, kwa sauti, sote tulisikia, halafu akasema lako.

Amekunywa, mjomba. Pumzika kwa amani.