Mtungi Usiofukizwa

Asalaam aleikum, mabibi. Na nyinyi wenzetu mliotoka bara mkapanga vile vyumba vipya vya juu ya kijito, hamjambo nyote? Mwenyekiti ameniambia nikae kitako nizungumze. Ahsante, mwenyekiti, lakini nitasimama. Siku niliyoanguka mara ya kwanza nilikuwa nimekaa, nakuna nazi, na tangu hapo mbuzi ya nazi na mimi hatuaminiani.

Wenyeji wa hapa Miritini haya mnayajua, nivumilieni. Leo nasema na wale niliowaona jana wakishuka kijitoni na ndoo zao.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Huko juu palikuwa na kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa ya wadudu, ya kupuliza mashambani na ya kuulia mbu. Mume wangu alikuwa kibarua hapo, akiosha mapipa. Maji aliyooshea yalipitishwa kwenye madimbwi ya saruji, kutoka hili hadi lile, yakatiwa chokaa, yakatulia, kisha yakafunguliwa yateremke kijitoni. Tuliambiwa maji yametengenezwa, hayana neno. Na ukiyatazama, wallahi, unaona mpaka kokoto za chini. Vijito vya wenzetu vilikuwa tope tupu. Sisi tuliyateka ya kunywa, tukajiona tumependelewa.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo la kwetu, na wa bara mkitaka kucheka chekeni. Mswahili hamimini maji ya kunywa mtungini hivi hivi. Mtungi huinamishwa juu ya chetezo, ukafukizwa ubani mpaka moshi uingie ndani ya udongo, ndipo ukatiwa maji. Mgeni akinywa, utamu umfike puani kabla haujamfika ulimini. Mwanamke asiyefukiza mtungi husemwa mtaa mzima. Mimi sikusemwa. Wanaume wakitoka msikitini walipita barazani kwangu kuomba maji, na makwao maji yapo!

Basi mikono ikaanza kunitetemeka. Nikitunga sindano, uzi hauingii. Kichwa kikawa kinavuma. Ndipo siku ile, juu ya mbuzi, nikaona kiza. Nilipozinduka nilikuwa nimeuma ulimi, machicha yametapakaa nywele zote, na binti yangu amejibanza nyuma ya mlango analia. Nikaanguka tena arusini kwa watu. Nikaanguka tena njiani, na kanga ikanivuka mbele ya watu. Mabata wangu nao walikuwa wakipinda shingo na kufa, lakini nani angekaa afananishe mtu na bata?

Watu wakasema ni pepo. Nikapungwa. Ngoma ikapigwa, pepo akaombwa ataje jina lake na anachotaka. Hakutaja. Labda hakuwa na jina la Kiswahili.

Ndipo akaja mavyaa wangu, mama wa mume. Mwanamke mkali, msafi, na yeye ndiye aliyenifunza kufukiza mtungi nilipoolewa. Akamshika binti yangu mkono.

"Mjukuu wangu hatalala nyumba moja na pepo," akasema. "Ukipona, njoo umchukue."

Nilimwita mwanangu kwa jina mpaka wakapinda kona. Hapo, wenzangu, ndipo nilipoanguka kweli. Kule kwingine kulikuwa ni mwili tu.

Mume wangu akanivusha feri, akanipeleka Likoni, mtaa wa Shika Adabu, kwa dadangu mkubwa. Dada alikuwa edani, amefiwa na mumewe. Kwa msiojua, mjane wetu akiwa edani hajitii manukato, na nyumbani mle hapakufukizwa kitu, si udi wala ubani. Maji ya kisima chao nikayanywa matupu.

"Dada," nikanung'unika, "maji yako hayana ladha."

"Ndiyo maji hayo," akanijibu. "Kunywa."

Nikanywa. Siku zikaenda. Sikuanguka. Asubuhi moja nikachukua sindano ya dada, uzi ukapenya mara moja, nami nikalia kama mtoto. Nikasema nimepona, narudi kumchukua mwanangu.

Nilifika nyumbani na kiu ya safari. Mtungi wangu wa zamani nilikuta umepasuka. Mume wangu alikuwa amenunua mpya, akautia maji ya kijito mwenyewe, na mwanamume anajua nini habari ya chetezo? Nikateka kata moja, nikanywa. Nikaisikia mdomoni harufu ya nguo za kazi za mume wangu. Harufu ile ile, ya mapipa! Nikatema ukutani, nikamwambia mume wangu maji yananuka dawa.

"Pua yako imeharibiwa na Likoni," akasema. "Madimbwi nayaona kila siku kwa macho yangu. Maji yametengenezwa."

Nilikwenda mbio kwa mavyaa kumchukua binti yangu. Nikamkuta uani anakunywa maji yale yale ya kijito. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, na maji bado yanamwagika kifuani.

Niliogopa, wenzangu. Kisha hofu ikaniondoka, ikaingia hasira, na hasira ile ndiyo iliyonitembeza. Nilirudi nyumbani, nikaupakata ule mtungi mpya na maji yake, nikampelekea yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona, mama. Lakini simchukui mtoto kabla hujanywa maji haya."

Akanusa. "Mtungi huu haukufukizwa! Nilikufunza hivi?"

"Hukunifunza hivi. Kunywa, mama, nakuomba."

Akanywa funda moja. Hakutema, kwa adabu zake. Alilimeza. Akamtazama mjukuu wake aliyelowa kifua, akautazama mtungi wake mwenyewe pale kibarazani, unanukia kama nyumba ya bibi arusi. Kisha akaunyanyua, akaubwaga uani. Mtungi wa miaka na miaka, moshi umeingia mpaka kitakoni. Ukawa vigae.

"Tulikuwa tunaipamba sumu," akasema. Sijapata kumwona akilia, ila siku hiyo. Nikarudi kwangu na binti yangu mkononi.

Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, si mimi. Mimi nani angenisikiliza, mwenye pepo? Akawaambia wanawake: nunueni mitungi mipya, tieni maji ya kijito, vyetezo viwekeni juu ya kabati. Mtanuka, mtaaibika, na mimi nitaaibika kwanza. Wengine walikataa. Alirudi kwao mpaka wakachoka kukataa.

Ijumaa wanaume wakatoka msikitini, kila mmoja akaenda kunywa kwake. Mabibi, mtaa ule ulitema mate! Waliokuwa wakituambia wanawake tuna midomo walitoka nje wakifuta yao. Mume wangu alikaa barazani na kata mkononi. Kesho yake akakataa kuosha mapipa, na wenzake wakasimama naye kwenye lango la kiwanda. Alipoteza kazi ile. Sikumwona akiijutia.

Tuliteka maji mbali, tukachubuka mabega, tukapiga kelele kila ofisi mpaka tukaletewa huu mfereji wa bomba mnaouona. Kiwanda kikaondoka kabla bendera mpya haijapanda. Tukasema alhamdulillahi, sasa masika yatakiosha kijito. Hayakukiosha. Baada ya uhuru niliwafungulia mabata watafute chakula topeni. Shingo zilipinda vile vile. Takataka nyingine huoza. Sumu hii haiozi. Imelala pale topeni, na maji yanapita juu yake yaking'aa.

Ndiyo maana nimesimama. Wageni wetu, msiteke, msilime mchicha kandoni, msifuge bata pale. Mtu akiwaambia maji yametengenezwa, muulizeni sumu iliyotolewa ndani yake imekwenda wapi.

Namshukuru dadangu, aliyeninywesha maji matupu. Namshukuru mume wangu, aliyeuacha mshahara. Na mavyaa wangu, yule pale kwenye mkeka, aliyevunja mtungi wake mbele yangu mimi, mkaza mwanawe. Mama, Mungu akuzidishie umri.

Sasa mtaletewa maji ya mfereji. Hayakufukizwa. Yule anayekuja na sinia ndiye binti yangu. Nimemwambia ajaze vikombe mpaka ukingoni. Kabla hamjanywa, mtazameni mikono: tone halimwagiki.